Delphi kwa siku moja na basi la watalii: pazuri, ila tulikimbizwa

Basi naliwekea nyota tatu. Delphi yenyewe, magofu ya hekalu la kale huko Ugiriki, ningeipa hata kumi, na hizo mbili zilizopungua kwa wenye basi nitaeleza zimekwenda wapi.

Mimi naishi Ujerumani. Mwezi wa tano Mama alikuja kunitazama kutoka Pangani, nikamchukua siku nne Athens. Siku moja kati ya hizo nilikata safari ya Delphi, na niliikata kwa sababu ya ukuta. Nilikuwa nimesoma habari zake nikataka Mama auone kwa macho yake. Nitaufikia.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Ni kama kilomita 180, na kwa kusimama simama njiani safari ikachukua zaidi ya saa tatu. Basi lilikuwa safi, kiyoyozi kinafanya kazi, dereva hana papara kwenye kona za mlimani. Hapo sina neno. Neno linaanzia Arachova, mji mdogo uliokaa ubavuni mwa mlima Parnassus, ambako tulishushwa dakika 40 tununue asali na mazulia. Hakuna aliyeomba. Asali ni tamu, sikatai, na Mama alinunua chupa mbili, lakini sikulipa nauli ya Delphi ili nikanunue asali.

Delphi imebanwa kwenye mteremko, majabali makubwa yamesimama nyuma yake, mbele bonde limejaa mizeituni mpaka karibu na bahari. Njia ya kupandia inapinda pinda kuelekea hekaluni, na mawe yake yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza. Mwenye magoti mabovu ajue mapema: ni kupanda tu, ngazi kwa ngazi, na kivuli ni cha kutafuta. Mama alivaa makobazi. Kosa langu, sikumwambia. Vaeni raba, na maji mbebe wenyewe.

Mwongoza watalii wetu alikuwa fundi wa kusimulia. Mimi nikawa mkalimani wa Mama. Akatueleza habari za Pythia, mwanamke aliyekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu ndani ya hekalu, mungu wao Apollo akinena kwa kinywa chake. Hakuwa akinena kila siku. Ilikuwa siku moja tu kwa mwezi, na miezi ya baridi hapakuwa na shughuli kabisa. Kabla ya kuanza, mbuzi alinyunyiziwa maji baridi. Akitetemeka, mambo yamekubali. Asipotetemeka, rudini mlikotoka.

"Kumbe mganga," Mama akasema. "Na kwao pia mbuzi haponi."

Akakumbuka mapango ya Amboni, ambako mpaka leo watu huenda kuweka nadhiri zao. Tangu hapo alisikiliza kwa makini kuliko mimi. Alipotafsiriwa kisa cha mfalme Croesus wa Lydia, aliyeuliza kama awapige Waajemi, akajibiwa kwamba akivuka mto atauangusha ufalme mkubwa, akavuka, na ufalme ulioanguka ukawa wake mwenyewe, Mama alicheka hadi watu wakageuka. Jambo jingine lililomgusa ni kwamba juu ya magofu haya palikuwa na kijiji, Kastri, kikahamishwa ili Wafaransa waanze kuchimba mwaka 1892. "Na wenyewe waliridhia?" Swali hilo nililipeleka kwa mwongozaji. Akasema walijengewa kijiji kipya hapo jirani, akaendelea na nguzo.

Sasa ukuta. Uko chini ya hekalu, umeshikilia udongo wa uwanja wake. Mawe yamechongwa yakakamatana kama vidole vya mikono miwili, hakuna chokaa katikati. Ukiutazama kwa mbali ni ukuta tu. Ukisogea unaona herufi ndogo ndogo, mistari kwa mistari, jiwe baada ya jiwe. Ni hati za watumwa walioachwa huru, mamia kwa mamia. Mwenye mtumwa alimuuza kwa Apollo kwa bei iliyotajwa, na kwa kuwa mungu hamtumii mtu shambani wala jikoni, aliyeuzwa akawa huru. Fedha mara nyingi zilitoka kwa mtumwa mwenyewe. Mashahidi wakaandikwa majina, yakachongwa hadharani asije mtu kesho akamrudisha kifungoni.

Mwongozaji alitumia labda sekunde kumi: "Huu ni ukuta wa karne ya 6 kabla ya Kristo, tuendelee." Nikamwomba dakika tano. Akanionyesha saa yake.

Mimi na Mama tukabaki. Nikamweleza nilichosoma, pamoja na lile sharti lililomo katika hati nyingi: huyu ni huru, ila atabaki kumtumikia bwana wake mpaka bwana afe. Mama ni mtu wa Pangani, mji ambao mashua zilipakia watu. Hakucheka tena. Alisimama pale akiwa ameshika mtandio wake, akauliza, "Na bwana akiishi sana?"

Tukakosa ukumbi wa michezo ya kuigiza na uwanja wa mbio, vyote viko juu zaidi. Tulipewa dakika 55 kwa magofu yote. Hotelini kwenye chakula cha mchana tulikaa saa moja na nusu! Chakula chenyewe kizuri (maharagwe makubwa ya nyanya, Mama alisema yanadai nazi tu, nyama ulizeni kwanza, nguruwe yupo kwenye vingi), lakini hesabu hiyo haikubaliki.

Makumbusho tulipewa dakika 40, na tiketi ya getini ndiyo hiyo hiyo, kwa hiyo msiitupe. Mkikosa vyote msiikose sanamu ya shaba ya mwendesha gari la farasi, kimo cha mtu mzima, aliyefukuliwa mwaka 1896. Kope zake zipo, macho yanakutazama, na amevaa vazi refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. "Kanzu," Mama akasema, akainama kumkagua miguu, mishipa na kucha zote.

Nikirudi nitapanda basi la kawaida la KTEL kutoka Athens nilale pale usiku mmoja, nianze kupanda asubuhi kabla jua halijawaka.

Malalamiko nimewaandikia. Wamejibu kwa adabu, wakanipa punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Nilimsomea Mama kwenye simu, akauliza kama hiyo nayo inapitia kwenye asali.