Fort Jesus naipenda, yule mtembezaji ndiye sitaki kumwona tena

Hasira ndiyo imenikalisha chini kuandika, nisiwafiche. Shangazi yangu alikuja kutoka Nakuru kuona nilivyotulia huku Mombasa, nikaona mahali pa kumpeleka ni Ngomeni. Mimi mwenyewe nilishafika zamani kwa basi la shule, na nilichokumbuka ni mizinga tu, na mwalimu akituhesabu kila baada ya dakika mbili. Sasa nimeshakuwa mwenyeji, au ndivyo nilivyojidanganya. Nikalipa kampuni moja ya utalii, jina naliacha, itupe mtu wa kututembeza ili shangazi apate maelezo yaliyonyooka.

Tukaletewa kijana mwenye miwani ya jua utosini na simu sikioni. "Jambo jambo! Karibuni Kenya!" Kenya! Wanawake wawili wametoka kuongea Kiswahili mbele yake. Nikameza mate. Tukasimama chini ya ule ukuta wa mawe ya matumbawe, naye akatangaza kwamba ngome hii ilijengwa na Vasco da Gama.

Jamani. Vasco da Gama alipita Mombasa 1498 na akafa 1524. Wareno walianza kujenga 1593, kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Nikamwambia polepole, pembeni, asije akaaibika mbele ya mgeni wangu. Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Dada, wewe mtu wa bara ndiye utanifundisha mji wangu?"

Basi, starehe ikaishia hapo. Alitukimbiza kama mbuzi wanaopelekwa mnadani. Ile michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliiacha ukutani, ambayo mimi ningeweza kuitazama mpaka jioni, aliisontea kidole huku anapita. Vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo Antonio de Tanna, meli iliyozama 1697 papo hapo chini ya ngome, hata jina la meli hakulitaja. Waomani waliizingira ngome tangu 1696 hadi 1698, njaa na maradhi vikawamaliza waliokuwa ndani. Yeye akasema "walipigana sana", halafu akapokea simu. Habari kwamba Waingereza waliifanya jela mpaka 1958, shangazi kaipata kwangu. Na mlangoni, bila haya, akaomba hela ya soda!

Kwa hiyo msiende. La, ngojeni, hapo ni hasira inasema. Nendeni, ila bila mtu wa kuwasukuma. Maana alipokuwa kwenye simu yake tulipanda juu upande wa bahari, upepo ukatupiga, mashua zinaingia Bandari ya Kale, na kwa kitambo nilisahau kabisa kwamba nimekasirika. Utotoni sikuliona hili, nilikuwa kwenye foleni. Mahali penyewe nawapa alama zote. Hiyo kampuni sifuri, au tuseme moja, kwa sababu gari lilikuja kwa wakati.

Lakini sasa sikilizeni haya. Tukiwa kwenye tuktuk kurudi nyumbani, shangazi anacheka peke yake. Eti yule kijana ana vituko, kamfurahisha sana, na akija tena Desemba anamtaka yuleyule. Ameniomba namba yake mara mbili. Nimemwambia simu yangu imefuta.