Karakana ya spea za rola ya mvuke: vya kuchongesha safi sana, vya dukani vikague kabla hujafunga

Hii riviu nimeichelewesha makusudi, sikutaka kusifia wala kuponda mtu kabla boila haijapanda presha. Sasa imepanda, mvuke unatoka panapotakiwa tu, basi ngoja niseme. Jina la karakana siliweki maana kuna mahali huko chini nawalalamikia, ila watu wa kazi hii ni wachache na karakana zenyewe ni za kuhesabu, aliyemo kwenye hii shughuli atawajua tu.

Rola yangu, yaani mashine ya mvuke ya kushindilia barabara, ni Aveling & Porter, zile zenye farasi wa shaba pale mbele. Aveling na Porter waliungana 1862 kule Rochester, Uingereza, halafu 1934 kampuni ikaunganishwa na Barford & Perkins ikawa Aveling-Barford, kwa hiyo sahau habari ya kupiga simu kiwandani uambiwe spea ipo kwenye shelfu njoo uchukue. Unabaki na kutafuta rola iliyokufa uinyofoe, au uchongeshe. Mimi za kunyofoa nilizoziona zilikuwa zimechoka kuliko za kwangu, unatoa ringi za pistoni zilizolika unanunua nyingine zilizolika, sasa faida iko wapi?

Kilichonifanya niwaamini hawa jamaa ni kwamba kabla ya kuongelea hela waliuliza maswali mpaka nikachoka. Nilikuwa na kifuniko cha chemba ya valvu (ile inayogawa mvuke kwenda kwenye silinda) kimepasuka, cha chuma cha kusubu, nikawaambia nawatumia hicho hicho cha zamani wakikandamize kwenye mchanga wamwage kingine. Wakakataa. Chuma cha kusubu kikipoa kinasinyaa kama asilimia 1 hivi, kwa hiyo kitu cha milimita 300 kinatoka kimepungua milimita 3, ukikipeleka kwenye injini vile vinundu vya kupitishia bolti havikai tena kwenye mstari na matundu, na bado hujakikereza ngozi ya juu kwenye mashine ili uso ulale sawasawa. Shaba yenye bati ndo inasinyaa zaidi, karibu asilimia 1 na nusu. Wakatengeneza umbo jipya la mbao lenye nyongeza ya kusinyaa na nyongeza ya kukereza, na umbo lenyewe wakanitumia pamoja na mzigo, ni langu, kikipasuka tena sianzi moja. Kifuniko kilivyofika nilikilaza kwenye sahani ya kupimia yenye rangi ya bluu nikakizungusha, rangi ikashika karibu uso mzima. Stadi, zile bolti zisizo na kichwa, zote zimeingia kwa mkono, sijagonga nyundo hata moja.

Tyubu za boila, yale mabomba yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, nazo nawapa sifa zao. Zimekuja hazina mshono, zimezidi urefu kidogo ili ukate mwenyewe, na upande wa chumba cha moshi mdomo umetanuliwa kidogo kama inavyotakiwa, maana ndo upande utakaozitolea siku nyingine zikioza. Kuzifunga ni kazi ya subira. Tundu la bamba linaloshika tyubu unalisugua mpaka chuma king'ae, mdomo wa tyubu hivyo hivyo, halafu unaingiza kitanulio na kuzungusha taratibu, mwanzo kinakwenda chepesi, kikianza kuwa kizito mkononi ujue tyubu imeshika, simama hapo. Ukiendelea kukaza kwa hofu unaifanya tyubu kuwa nyembamba na tundu linapanuka, umeharibu vyote viwili. Tukapima kwa maji baridi mara moja na nusu ya presha ya kazi mbele ya mkaguzi wa boila, boila imejaa kabisa na hewa yote imetolewa, maana maji hayabanwi kama hewa, kikiachia kitu unalowa tu hulipukiwi. Kwenye tyubu moja ya chini kikatokea kitone, kinakua, kinadondoka, kingine kinakuja. Tukashusha presha, kitanulio kidogo tu, tukapandisha tena, pakavu.

Sasa malalamiko. Niliagiza geji ya maji kamili, ya kuonyesha kina cha maji ndani ya boila, ile seti ya juu na chini na kioo chake, hii hawachongi kwa oda, wanayo tayari dukani. Mwili wake mzuri, shaba yenye bati kama nilivyotaka, siyo ile ya njano yenye zinki nyingi ambayo maji ya moto yanaila zinki yanakuachia sifongo. Tatizo stadi zilizokuja nayo. Rola ya Kiingereza ya umri huu ni nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha bolti cha Kiingereza, pembe ya jino digrii 55, na bolti ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi. Hawa wakanitilia za Kimarekani, pembe digrii 60 na meno 13. Kwa macho huwezi kuona tofauti, unaingiza nati inakwenda raha kabisa mizunguko miwili mitatu halafu inakwama, na mtu mwenye haraka anatia spana ndefu anakaza, ndo hapo anaua nyuzi za kwenye boila ambazo zimekaa salama miaka yote hiyo. Mimi nina geji ya nyuzi, nikapima, nikawapigia. Hawakubisha, wakatuma nyingine, lakini zilichukua muda na gharama ya kutuma nikaambiwa juu yangu, aisee hiyo haijakaa sawa, kosa lenu mzigo wangu?

Injekta, kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke, waliyonifanyia ukarabati, koni mpya ndani, ilivuta maji mara ya kwanza. Walichomeka na karatasi inayosema ikigoma usikimbilie kuifungua, shika kwanza tenki uone kama maji yamepata moto, kisha kagua bomba la kuvutia kama linaingiza hewa. Nimekuwa na mashine za mvuke muda sasa na naona ushauri huo ungeokoa injekta nyingi sana zinazofunguliwa bure. Pakingi zao, za kuzibia mvuke usivuje, ni za grafaiti, vizuri, kwa sababu za zamani pamoja na lile koti la boila mara nyingi ni asbesto na hiyo usiikwangue mwenyewe, ita wenye kibali. Plagi ya usalama yenye madini ya risasi ndani, yanayoyeyuka maji ya boila yakipungua mno, nayo ilikuja na namba imegongwa juu yake, mkaguzi akaiandika kwenye karatasi zake bila swali.

Kwa ujumla nyota 4 kati ya 5. Vya kusubu na tyubu wape macho yamefumba. Ukichukua kitu cha dukani kwao andika kabisa kwenye oda kwamba stadi na nati ziwe Whitworth, na uwaombe waandike hivyo hivyo kwenye risiti, ili zikija tofauti nauli ya kurudisha iwe juu yao.