Perege wa kizimba au wa bwawa la kuchimba?

Ukiwa Moshi na unataka kufuga perege, njia ni mbili: kizimba cha wavu kinachoelea kwenye bwawa kubwa la Nyumba ya Mungu, au bwawa la kuchimba shambani kwako.

Bwawa la kuchimba halina maneno mengi. Unajaza maji ya mfereji, unatia samadi kidogo hadi yageuke kijani, na sehemu ya chakula inajiotea yenyewe. Ila huko juu, Marangu au Kibosho, maji ni baridi. Perege anataka nyuzi 25 hadi 30, la sivyo anadumaa.

Kizimba kina maji ya joto, na samaki wengi hukaa mahali padogo. Lakini chakula karibu chote ni cha kununua, na punje inayozama chini ya wavu ndiyo imekwenda. Alfajiri oksijeni hupungua. Ukiona samaki wamepanda juu, midomo wazi, usiwalishe kwanza. Wavu ukitoboka tundu la ngumi, mtaji unaogelea zake (wavuvi watakushukuru). Bado kuna vibali, mlinzi wa usiku, na kina kinachoshuka kiangazi.

Kwa mtaji mdogo, mimi ningechimba bwawa, tena tambarare, upande wa Kahe.