Sekretariati za mtaani Lubumbashi: zinapomfaa mwanafunzi wa sekondari na zinapomwangusha

Karibu na shule nyingi za sekondari za Lubumbashi, iwe katikati ya mji au katika komuni za Kenya, Katuba au Kampemba, utakuta meza chini ya parasoli, na juu yake kompyuta, printa na mashine ya kutoboa spirali. Ndiyo sekretariati. Asubuhi kabla ya kengele, vijana wa buluu na nyeupe wanaizunguka, huyu ameshika simu, yule flashi, na kila mmoja anataka TP yake, yaani kazi aliyopewa na mwalimu, itoke kabla prefe (mkuu wa shule) hajafunga geti.

Huduma hii inastahili kupimwa kwa uzito, kwa sababu kwa mwanafunzi wa leo imechukua nafasi ya maktaba. Notsi, mazoezi na maswali ya Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) ya miaka iliyopita yanapita hapa kabla ya kufika mikononi mwake. Kwa fotokopi na spirali, nenda bila wasiwasi. Kwa picha za simu na kazi zilizoandikwa kwenye simu, nenda ukiwa umejitayarisha. Kwa flashi na kwa karatasi za thamani, uwe macho.

Tuanze na picha za simu, maana ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Desturi ya siku hizi inajulikana: mmoja ananakili kutoka ubaoni, darasa zima linangoja picha za kaye (daftari) yake kwenye grupu la WhatsApp, kisha picha hizo zinapelekwa kuchapwa. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana picha hadi upande wake mrefu ubaki na pikseli kama 1600. Kwenye kioo cha simu inasomeka vizuri. Ukiitandaza juu ya A4, yenye urefu wa sentimita 29.7, unabaki na nukta kama 137 kwa kila inchi, na maandishi safi yanataka karibu 300. Ndiyo maana vipeo vya aljebra vinakuwa madoa, na 3 haitofautiani tena na 8. Mwanafunzi anamlaumu mwenye mashine, kumbe picha ilifika ikiwa imeshachakaa. Mwenye kaye aitume kama dokumenti, si kama picha. Itakula mega nyingi zaidi, lakini itafika nzima.

Kivuli nacho ni adui. Ukipiga picha chini ya taa, kivuli cha mkono na simu kinalala juu ya ukurasa. Printa ya nyeusi na nyeupe inakichapa kama wingu la kijivu, maneno yanazama humo, na toneri, ule unga wa wino, inaisha bure. Weka kaye karibu na dirisha mchana, shika simu sambamba na ukurasa, tumia programu ya kuskani kwa hali ya nyeusi na nyeupe, halafu unganisha kurasa zote katika PDF moja. Mwandiko ukiwa mkubwa, kurasa mbili zinaingia vizuri kwenye uso mmoja wa A4, na gharama inapungua nusu. Hapa ndipo unapomjua fundi mzuri: anakata pembeni na kuongeza weupe kabla ya kuchapa, bila kuombwa. Asiyejali anabonyeza tu, anahesabu kurasa.

Kazi iliyoandikwa kwenye simu ina matatizo yake. Ukiileta kama docx (faili ya Word), na kompyuta ya pale haina fonti uliyotumia, itaweka nyingine. Mistari inasogea, kichwa cha sura kinabaki peke yake chini ya ukurasa, jedwali linakatika katikati, na fomula za kemia zinapoteza namba zake ndogo. Hifadhi kazi kama PDF, lakini beba na docx, kwani jina likiwa na kosa hutaweza kulisahihisha kwa urahisi ndani ya PDF. Kama kazi itatiwa spirali, acha sentimita 3 upande wa kushoto. Mipaka ya sentimita 2.5 ambayo programu inaweka yenyewe ni finyu: matundu yanakaribia herufi za kwanza, na kitabu kikifunguliwa mwanzo wa mstari unajificha kwenye mkunjo.

Kama fundi ndiye anayekuchapia kutoka kwenye mwandiko wako, mwandikie ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: jina, postnomu (jina la pili), prenomu (jina la mwito), darasa, opsheni (mchepuo), somo, jina la mwalimu. Hapo ndipo makosa yanapoumiza, maana TP yenye postnomu ya mwingine inaweza kukupotezea alama. Halafu simama nyuma yake usome kwenye kioo. Mwite yaya, yaani kaka au dada mkubwa, useme tu, "Yaya, nionyeshe kwanza kabla ya kuchapa." Fundi mwenye heshima hachukizwi na maneno hayo.

Kuna jambo ninalolaumu waziwazi. Baadhi ya vibanda vinatunza TP za zamani kwenye kompyuta, na vinaziuza kwa kubadilisha jina tu. Vingine vinamtolea mwanafunzi maandishi ya intaneti jinsi yalivyo. Mwalimu anayatambua kwa jicho la kwanza. Yaliyonakiliwa Wikipedia yana maneno ya buluu yenye mstari chini, namba ndogo ndani ya mabano, na mara nyingine kivuli cha kijivu nyuma ya aya. Yaliyotoka ChatGPT yanakuja na nyota mbili mbili kabla na baada ya maneno, na alama za # mbele ya vichwa, kwa sababu aliyebandika hakusoma hata mara moja. Ndiyo maana walimu wengine wamerudi kudai TP ya mkono, na naona wana haki. Kijana huyohuyo atakapofika kwenye disertasyo (insha) ya Exetat, atakaa na karatasi na biki (kalamu), bila fundi na bila simu. Tumia intaneti kutafuta, soma, funga simu, andika kwa maneno yako, kisha ndipo uende kuchapa.

Fotokopi kwa jumla ni nzuri, hasa kwenye mashine kubwa za leza. Kasoro zake zina sababu zinazojulikana, na ukizijua unaweza kukataa ukurasa mbaya kwa hoja. Msimu wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la mji wetu linaingia kila mahali. Mstari mweusi mwembamba unaoshuka ukurasa mzima, tena mahali palepale kwenye kila karatasi iliyopita kwa kilishio cha juu (kinachovuta karatasi zenyewe), mara nyingi ni punje moja ya uchafu kwenye kioo chembamba cha pembeni: kitambaa laini chenye spiriti kidogo kinatosha. Doa linalojirudia kila baada ya sentimita 7 hadi 8 kwenye printa ndogo ya leza linaonyesha kwamba duramu (silinda inayobeba picha ya ukurasa) ina jeraha, na kusafisha hakutasaidia. Utepe uliofifia maana yake toneri inaisha. Kutikisa katriji kunarudisha kurasa chache tu, kwa hiyo usianze hapo kazi ya kurasa 60. Na maneno yakifutika ukiyapitisha kidole, wino haukupikwa vya kutosha, pengine kwa sababu umeme ulikuwa dhaifu.

Msimu wa mvua adui ni unyevu. Rimu iliyoachwa wazi inavuta maji ya hewani, karatasi zinajikunja na kunasa ndani ya mashine. Uliza pia uzito wa karatasi. Ya gramu 80 inafaa kuchapwa pande zote mbili. Zile nyepesi zinaonyesha maandishi ya nyuma, na kusoma usiku kwa taa ndogo kunachosha macho. Kama mashine haigeuzi karatasi yenyewe, omba wajaribu kurasa 4 kwanza. Karatasi zikirudishwa vibaya, ukurasa wa 2 unatoka kichwa chini, au unalala nyuma ya ukurasa wa 5, na rundo zima linaharibika.

Kisha kuna delestaji, yaani kukatwa kwa umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata, utasikia "ngoja kidogo", na kidogo hiyo inaweza kula mchana wote. Kibanda chenye betri na inverta si lazima kiweze kuchapa: kompyuta inatosheka na wati chache, lakini printa ya leza, inapopasha moto sehemu ya kupikia toneri, inavuta mamia ya wati, na inverta ndogo inajizima. Kwa hiyo wengi wanahamia printa ya wino wa maji, ambayo inavuta umeme kidogo sana. Inafaa kwa mazoezi ya kesho. Kwa notsi utakazobeba mwaka mzima haifai, kwani tone moja la mvua linayeyusha mstari. Ukilazimika, tia karatasi ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka pale.

Flashi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Kompyuta inayopokea flashi za shule nzima inabeba virusi vya shule nzima. Dalili ni hii: unafungua nyumbani unakuta mafolda yamegeuka njia za mkato za kilobaiti 1 au 2. Mara nyingi kazi haijapotea, imefichwa tu. Usibonyeze njia hizo, na usikubali haraka kuambiwa "tuformati", yaani kufuta kila kitu. Washa kwanza uonyeshaji wa faili zilizofichwa, nakili kazi yako mahali pengine, halafu ndipo usafishe. Na nakala nyingine ikae kwenye simu siku zote.

Kutuma kwa WhatsApp ya kibanda kunakwepa virusi, lakini namba yako na kazi yako vinabaki kwa mtu usiyemjua. Kwa wasichana hasa, jambo hili si dogo: kuna wanaopigiwa simu usiku na mtu waliyemtumia TP tu. Tumia kebo, au bluetooth, au simu ya mzazi. Ukifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya pale, rudi kwenye simu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, na uondoe kile cha kibanda kabla hujalipa.

Spirali nayo inafanywa vizuri karibu kila mahali. Ya milimita 10 inachukua karatasi 50 hivi bila kubana. Ila kutia plastiki ni kwa kadi ya shule na nakala tu. Buletini (ripoti ya alama) au cheti cha asili usikifunge kwa plastiki ya moto: muhuri hauguswi tena kuhakikiwa, plastiki haitoki bila kupasua karatasi, na ofisi inaweza kuikataa.

Kuhusu bei, uliza kabla kama wanahesabu karatasi au uso. Kazi ya kurasa 24 pande mbili ni karatasi 12, lakini wengi wanadai nyuso 24, na ugomvi unaanzia hapo. Rangi ina bei yake mbali, kwa hiyo chapa kwa rangi ramani au mchoro unaohitaji tu. Beba noti ndogo, maana chenji asubuhi hakuna. Na kama unaweza, nenda alasiri ya siku iliyotangulia, foleni ikiwa imekwisha na fundi ana nafasi ya kukuonyesha ukurasa kwenye kioo.