RimWorld: usijenge mlangoni kwa jirani

Haya, karibuni tena. Leo siwaelezi RimWorld kwa kirefu: ni gemu ya kujenga na kulinda makazi ya wakoloni kwenye sayari ya mbali. Ilitoka rasmi Oktoba 2018, na kama umefungua video hii basi umeshazika wakoloni wako kadhaa. Mimi nina ugomvi na skrini moja tu: ile ya kuchagua pa kutua.

Tazameni. Joto, msimu wa kilimo, aina ya mawe, hayo mnayajua, napita. Nafungua hapa chini orodha ya makundi mengine yanayoishi kwenye sayari hii. Hawa maharamia ni maadui wa kudumu, hata uwamwagie fedha hawabadiliki. Hawa wa mjini ni wastaarabu, ndio ninaowataka karibu, niwauzie mazao. Msafara ukienda mbali kuuza mahindi, nusu ya mahindi inaliwa njiani.

Sasa angalieni kipande hiki cha pembe sita. Mto upo, barabara ipo, na jirani yuko vipande viwili tu. Nakichagua, gemu kimya. Hakuna rangi, hakuna alama. Nabonyeza kuendelea, ndipo kinachomoza kisanduku: ukikaa hapa majirani watachukizwa, na alama za urafiki zitashuka kila msimu. Msimu wenyewe ni siku 15, kwa sababu mwaka wa humu una siku 60 tu!

Narudi. Nasogea kipande kimoja, nabonyeza. Kisanduku kipo, makato yamepungua kidogo. Narudi tena, nasogea, nabonyeza. Bado. Mnaona ninavyohangaika? Wangepaka tu duara jekundu kuzunguka kila makazi, tungekuwa tumeshaanza kujenga. Napapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Na kisanduku hicho msikipuuze. Mimi nilikipuuza. Nikajisemea, fimbo ya mbali haiui nyoka, acha nikae karibu. Nikalima, nikawauzia, nikajiona mwenyeji. Alama zikawa zinadondoka huku nimeshughulika na ukuta, zikagonga -75, na wale wateja wangu wakaja na bunduki. Kutoka hapo, urafiki haurudi kwa kupanda tu mpaka -74. Lazima upande mpaka 0 ndipo wakuache. Nilituma zawadi mpaka ghala likabaki na mbao.

Halafu kuna hili ambalo wengi mnaniandikia: “kaa mbali na maharamia wasikuvamie.” Hapana. Wavamizi wanakufikia popote ulipo, umbali wa kambi yao hauwapunguzi. Wafanyabiashara nao vilevile, umbali hauwazuii. Ujirani unakusaidia wewe unapotoka: msafara, zawadi, ombi la biashara lenye tarehe ya mwisho. Wanaocheza Dwarf Fortress, gemu nyingine ya kujenga ngome, ndio walioleta mazoea haya, nadhani, kwa sababu kule orodha ya majirani pale unapoanzia ina uzito kweli. Ukikaa karibu na mnara wa wachawi wanaofufua maiti, utajua. Na kwa hilo tu, Dwarf Fortress inaishinda RimWorld. Nimesema. Tukaneni kwenye maoni.

Kuhusu bei, kila wiki naulizwa: msisubiri ishuke nusu. Hata msimu wa punguzo inashuka kidogo tu. Na nyongeza za gemu zinazouzwa kando si lazima kwa haya ya leo, gemu ya msingi inatosha.

Haya, tumalizie. Nakiacha kile kipande cha mtoni, roho inaniuma. Nafuata barabara ileile, nabonyeza hapa... kisanduku. Hapa... kisanduku. Hapa... kimya! Vilima vidogo, mgongo wangu umelindwa, na barabara inanipeleka mpaka kwa wateja. Mto sina. Natua.