Duka la nafaka za Rukwa, Tandale: maharage mazuri, mizani ya kweli

Kama unapikia biashara na umechoka na maharage yasiyoiva, nenda Soko la Tandale uulize duka la Wafipa, mlango wa bluu karibu na mashine za kukoboa. Mimi ni mama lishe wa Sinza, mzaliwa wa Laela huko Rukwa, na maharage aina ya kablanketi nayajua kwa kuyang'ata tu. Ya hapa yanaiva haraka na mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Kilo moja ni shilingi 3,200. Jirani utapata ya 2,800, ila utachambua mawe mpaka usiku.

Kilichonifanya niandike ni mizani. Kaka muuzaji anapima mbele yako, tena kiroba anakipima kitupu kwanza. Nikamuuliza, huko shambani unanunuaje? Kwa kilo, akasema, na wakulima wanamshangaa. Lazima wamshangae! Kwetu gunia la debe sita linashindiliwa mpaka la saba liingie, lumbesa ile ile inayokatazwa na sheria. Mama yangu ameuza hivyo miaka yote, tena mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini kabisa, maana deni la pembejeo halisubiri. Ikifika Januari ananunua mahindi kwa bei ya dukani.

Ndiyo maana Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 haukunishangaza: Rukwa watu 45 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, Dar es Salaam 8. Na Rukwa ndiyo inayotulisha huku. Ruzuku ya mbolea iliyoanza 2022 imesaidia, sikatai, na hela ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imemnunulia mpwa wangu sare. Lakini mbolea inaongeza magunia, bei haiigusi. Wenzetu wa korosho Mtwara walianza stakabadhi ghalani 2007, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani na kupewa risiti mpaka uuzwe. Manung'uniko ya malipo kuchelewa hayakosi, ila angalau mzigo unapimwa na kupigwa mnada. Mahindi ya Laela nayo yapate ghala na mizani.

Unga wa dona wa hapa usinunue, wangu ulikuwa na uchungu. Migebuka mikavu, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, ni mizuri sana lakini inaisha mapema, piga simu kabla hujapanda daladala. Ukichukua kuanzia kilo 50 wanakutafutia bodaboda, nauli yako.