Fanicha za mtumba za kukarabati nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi ukiache

Meza ninayoandikia sasa hivi niliikuta Temeke, imeegemezwa ukutani nje ya nyumba ya watu waliokuwa wanahama. Ilikuwa nyeusi tii kwa vanishi iliyopakwa juu ya vanishi, mguu mmoja unacheza, na juu yake alama nyeupe ya duara ya sufuria ya moto. Wawili walionitangulia waliitazama mara moja tu, wakaenda kwenye kabati jeupe linalong'aa lililokuwa pembeni. Mimi nilipiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya meza, nikakwaruza kwa ufunguo. Ikachomoza rangi ya asali yenye wekundu. Mninga, mbao nzima, unene karibu inchi moja. Lile kabati jeupe lilikuwa chipubodi, makapi ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi.

Ukitafuta fanicha ya zamani ya kukarabati mwenyewe, pesa yako inanunua mbao na viungo. Vanishi iliyobabuka, bawaba iliyokufa, kitasa kisicho na ufunguo, hayo yote yana dawa. Mbao mbovu haina. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: ukimaliza kupiga msasa, utabaki na nini?

Ya kwanza: meza ya mbao nzima

Kwa anayeanza, hakuna kitu kizuri zaidi ya meza. Uso wake ni bapa, msasa unapita bila kona za kukusumbua, na ukikosea unapiga tena. Meza ya chakula iliyochoka inaweza kukatwa miguu ikawa meza ya sebuleni, au ikasogezwa ukutani ikawa ya kusomea.

Kabla hujataja bei, angalia chini yake. Juu ndiko muuzaji alikopaka rangi. Chini ndiko mbao inakosema ukweli. Tazama ncha ya ubao ilipokatwa: kwenye mbao nzima nyuzi za juu zinaendelea hadi kwenye ncha, kwenye plaiwudi utaona matabaka, kwenye chipubodi utaona chembechembe kama makapi yaliyoshindiliwa. Halafu shika pembe mbili utikise. Meza inayocheza kwa sababu gundi imekauka ni kazi ya jioni moja: unachomoa ulimi, ile ncha ya mbao iliyoingizwa kwenye tundu, unakwangua gundi ya zamani, unatia mpya, unabana kwa kamba hadi kesho yake. Ikiwa ulimi wenyewe umevunjika, punguza bei au umtafute seremala.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii mninga tupu." Mwombe kwa heshima ukwaruze kidogo sehemu iliyojificha. Anayeuza mninga kweli hatakukatalia.

Kuhusu mbao zenyewe: mninga unaotoka misitu ya miombo ya Tabora na Katavi ndio ninaoupenda kuliko zote, kwa sababu haupindi hovyo na unakubali randa. Mkongo ni mzito na mgumu, utakula msasa wako, lakini utakaa kuliko wewe. Mvule huiva rangi kadiri unavyozeeka. Mtiki, ule wa mashamba kama Longuza kule Muheza, una mafuta ndani yake. Usipoufuta kwa tina kabla ya gundi au vanishi, vitabanduka. Paini ya mashamba ya Sao Hill kule Mufindi ni laini, inabonyea hata kwa kucha, na ukiipaka rangi ya mbao inanyonya kwa mabaka. Paini niichukue kwa bei ya chini tu, nami nitaipaka rangi ya mafuta.

Ya pili: kabati la droo na dresingi tebo

Vuta droo moja, itoe kabisa, igeuze. Pembe zake zikiwa na meno ya mbao yaliyoingiliana, fundi aliyeitengeneza hakuwa na haraka, na kabati zima litakuwa hivyo hivyo. Zikiwa zimepigwa misumari midogo tu, si vibaya, ila jua utazirudia. Nusa ndani. Harufu ya ukungu hutoka kwa jua la siku mbili tatu. Harufu ya mafuta ya taa mara nyingi ina maana mtu alikuwa anapigana na wadudu.

Hapa ndipo nakusihi usiwe na haraka. Gonga sehemu ya chini ya kabati kwa kiungo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, mchwa wamekwisha kula. Ukiona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini na chini yake unga laini, ni bungua, na unga mpya maana yake bado wamo. Liache, hata kama ni mninga. Ukilileta nyumbani, wadudu hao watahamia na kwenye milango yako.

Ya tatu: kitanda cha mbao

Watu wengi wanaondoa vitanda vya futi nne na nusu wakitaka sita kwa sita, hivyo bei zake ni za kuongeleka. Chaga zikiwa zimevunjika usijali, hizo zinanunuliwa. Muhimu ni mbavu na ubao wa kichwani. Nimegeuza kitanda kimoja kuwa benchi la barazani: ubao wa kichwani ukawa mgongo, mbavu zikawa fremu ya kukalia.

Ya nne: viti

Vinaonekana rahisi, lakini kila kiti kina viungo vingi na fito za mviringo zinazotaka msasa wa mkono. Anza na kimoja. Usinunue sita kwa mpigo.

Ya tano: makochi

Nilinunua kochi la watu watatu, fremu safi kabisa. Wiki ya pili mtoto akaamka na mapele mgongoni. Kunguni. Tulitoa sponji yote, tukachana kitambaa, na bado ilituchukua miezi kupumua. Sasa kochi silinunui mpaka nimegeuza juu chini na kumulika tochi kwenye mishono: madoa meusi madogo yananitosha kuondoka. Ukilichukua, hesabu tangu mwanzo kwamba sponji na kitambaa ni vipya.

Ya mwisho: MDF na chipubodi

MDF ni ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Maji yakiingia, yote mawili yanavimba na hayarudi. Skrubu ikilegea tundu halishiki tena. Achana nayo, labda kama unataka milango yake tu.

Gharama ya vifaa

Jumlisha bei ya kitu, usafiri na vifaa. Ikipita nusu ya bei ya kipya cha mbao ileile, mimi naacha. Vifaa ni msasa namba 80, 120, 180 na 240 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), gundi ya mbao, tina, vanishi na brashi nzuri. Piga msasa kwa kufuata nyuzi. Vaa barakoa, maana vumbi la mninga na la mvule linawasha pua na kifua. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu: ilowanishe kwa maji, uipige msasa ikiwa bado imelowa, watoto wakae mbali.

Vanishi inayokauka upesi usiipake siku ya mvua ya masika. Unyevu huifanya ififie ikawa nyeupe kama ukungu wa asubuhi, kazi yote ikaharibika. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye kona: hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji usiku huohuo.